Maswali ya Wasomaji: Demareji, FOB, CBM na Maneno Mengine ya Mzigo

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wenye mzigo, na karibu zote zinauliza maana ya neno lililoandikwa kwenye bili. Tumechagua saba. Siku na bei tulizotia kwenye hesabu ni za mfano, isipokuwa pale tulipotaja sheria. Ada za bandari na za kampuni za meli hubadilika, kwa hivyo mwambie ajenti wako akuonyeshe jedwali la sasa kabla hujatoa pesa.

Mhariri, salamu. Nimeleta kontena moja la futi 20 la vigae kutoka India. Lilitoka bandarini siku ya nane nikadhani nimewahi. Sasa nina bili mbili: ya storeji, na nyingine ya kampuni ya meli iliyoandikwa demareji na ditensheni. Ajenti anasema yote ni demareji tu, nilipe. Si kulipishwa mara mbili huku?
*Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwembe Tayari*

Hukulipishwa mara mbili, ila ajenti wako amekupa jibu la mkato lisilokusaidia. Unadaiwa na watu wawili kwa vitu viwili.

Storeji ni kodi ya ardhi. Humlipa yule ambaye kontena limekaa uwanjani mwake: KPA, yaani mamlaka ya bandari, likiwa bandarini, au CFS likiwa limehamishiwa yadi ya binafsi kule Changamwe, Miritini au Jomvu. Demareji na ditensheni ni kodi ya lile sanduku la chuma, ambalo ni mali ya kampuni ya meli nayo inalitaka lirudi lipakiwe mzigo mwingine. Demareji huhesabiwa kontena likiwa na mzigo wako na halijavuka geti. Ditensheni huanza likishatoka, na haikatiki mpaka lipokewe tupu kwenye depo uliyoelekezwa. Kampuni kadhaa huziunganisha mbili hizi ziwe hesabu moja, ndiyo maana umeona maneno yote mawili kwenye bili moja.

Tuseme kontena lilishushwa tarehe 2, bandari inatoa siku 4 za bure, na kampuni ya meli siku 10 za pamoja. Umelitoa tarehe 9, ukalirudisha tupu tarehe 15. Storeji: tarehe 2 hadi 5 ni bure, 6 hadi 9 unalipa, siku nne. Kampuni ya meli: tarehe 2 hadi 11 ni bure, 12 hadi 15 unalipa, siku nne tena. Siku ulizowahi getini zililiwa na siku ulizochelewa kuteremsha vigae. Na Jumapili na sikukuu kwa kawaida zinahesabiwa.

Ada nazo hupanda kwa ngazi. Siku za mwanzo baada ya zile za bure huwa na kiwango cha chini, kisha hupanda, na kontena la futi 40 hulipiwa zaidi ya la futi 20. Wiki tatu za kuchelewa si sawa na wiki ya kwanza mara tatu. Huenda zikagharimu zaidi sana.

Kuna na saa ya tatu ambayo wengi hawaioni mpaka imelia. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka mzigo uandikishwe forodha ndani ya siku 21 tangu meli ianze kupakua. Ukipitisha, mzigo huhesabiwa kuwa umewekwa ghala la forodha, kodi nyingine inaanza, na ukiendelea kunyamaza hutangazwa kwa mnada.

Mahali pa kuokoa pesa ni kabla meli haijang'oa nanga. Wakati wa kuweka nafasi ya meli, muombe muuzaji au wakala akudaie siku 14 au 21 za bure badala ya zile za kawaida, na idadi hiyo iandikwe kwenye hati ya shehena (bill of lading) au kwenye barua ya uthibitisho wa nafasi. Ahadi ya WhatsApp haitambuliwi na karani wa kampuni ya meli. Uliza pia saa yao inaanza lini: meli ikitia nanga nje, ikifunga gati, au kontena likishushwa. Meli inaweza kungoja gati siku kadhaa na ajenti akakwambia "imefika".

Pili, hati za forodha zianze kushughulikiwa meli ikiwa bado baharini. Kinachokwamisha mara nyingi ni manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, isiyolingana na hati: hati ya shehena inasema katoni 1,150, ankara inasema 1,200, au jina lako limekosewa herufi moja. Kurekebisha manifesti ni ombi la kampuni ya meli kwenda forodha, na siku zinakwenda. Dai rasimu ya hati ya shehena kabla haijachapwa, uipitie neno kwa neno.

Tatu, kontena tupu. Piga picha ndani na nje, milango yote miwili, kabla na baada ya kuteremsha. Lifagie, ng'oa misumari na mbao za kukazia. Depo ikikuta sakafu imevunjika au ina mafuta, unakatwa kwenye amana yako, na bila picha huna la kusema. Ile karatasi ya makabidhiano anayopewa dereva getini ndiyo ushahidi wako wa tarehe. Usiiache ipotelee kwenye kabini ya lori.

Muuzaji ameniambia atafanya "telex release". Teleksi si ilishakufa?
*Msomaji, Bondeni*

Mashine imekufa, jina limebaki. Kwa kawaida hati ya shehena hutolewa nakala asili tatu, na kampuni ya meli haitoi idhini ya kuchukua mzigo Mombasa mpaka ishikilie moja wapo. Kwa "telex release" muuzaji anazirudisha nakala zote asili kwa ofisi ya kampuni ya meli huko kwao, nayo inaijulisha ofisi ya hapa kwa barua pepe kwamba mzigo utolewe bila karatasi. Unaepuka kungoja kuria na hofu ya bahasha kupotea. Hati asili zikipotea, kampuni ya meli hudai dhamana ya benki, na thamani ya dhamana hiyo mara nyingi hupita ya mzigo.

Muuzaji akishafanya hivyo hana tena cha kukushikia, kwa hivyo atataka malipo yote kwanza. Na kama mnalipana kwa barua ya mkopo ya benki, sahau: benki inazitaka hati zenyewe.

Nanunua vyombo vya jikoni China. Muuzaji amenipa bei mbili, FOB Shenzhen na CIF Mombasa. Rafiki yangu ananiambia CIF ndiyo salama, eti muuzaji anabeba jukumu mpaka Kilindini. Ni kweli?
*Mfanyabiashara, Barabara ya Biashara*

Si kweli, na ni kosa linalorudiwa na watu wenye uzoefu wa miaka. Kwenye FOB na kwenye CIF, hatari inahama kutoka kwa muuzaji kuja kwako pahali pamoja: mzigo ukishawekwa melini kule Shenzhen. Tofauti ni nani anayelipa nauli na bima. Kwenye CIF muuzaji amelipa vyote viwili, lakini meli ikipata dhoruba Bahari ya Hindi, mzigo uliolowa ni wako.

Masharti haya hutungwa na Chama cha Biashara cha Kimataifa, ambacho kilitoa toleo la kwanza mwaka 1936. Linalotumika sasa ni Incoterms 2020, lina masharti 11. Kwenye mkataba andika sharti, mahali na mwaka: "FOB Shenzhen, Incoterms 2020". FOB peke yake bila bandari ni maneno matupu.

Sasa tazama ile bima ya CIF. Muuzaji analazimika kukata kiwango cha chini tu, kwa asilimia 110 ya bei. Kiwango hicho kinashughulikia majanga makubwa kama moto, meli kuzama, kukwama au kugongana. Wizi hakimo. Maji ya chumvi yaliyopenya kontena hayamo. Kwa sufuria na sahani, hayo mawili ndiyo yanayotokea. Juu ya hayo, sheria ya bima ya Kenya inataka mwagizaji akate bima ya mzigo kwa kampuni iliyosajiliwa nchini. Ukinunua CIF umelipia bima ya China, kisha unalipia ya hapa. Ndiyo maana wengi huagiza kwa CFR, yaani bei na nauli bila bima, ile inayoitwa C&F mjini, halafu wanakata bima yao Mombasa. Ukikata, omba ile ya hatari zote, na ianze mzigo ukitoka ghala la muuzaji.

Usidhani FOB inakupunguzia ushuru kwa sababu ankara ina tarakimu ndogo. Forodha yetu inahesabu thamani ya CIF hata ukinunua vipi, ikiongeza nauli na bima. Chukua bidhaa za shilingi 1,000,000, nauli 180,000, bima 20,000. Thamani ya forodha ni 1,200,000. Zikiwa kwenye daraja la asilimia 25, ushuru ni 300,000. VAT ya asilimia 16 haipigwi kwa 1,200,000 bali kwa 1,500,000, yaani thamani na ushuru wake, inakuwa 240,000. Ada ya tamko la uagizaji na ile ya maendeleo ya reli hupigwa juu ya 1,200,000. Madaraja ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, na kinachoamua daraja ni namba ya HS ya bidhaa, ile namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, si jina alilolipenda muuzaji. Sufuria za alumini na sahani za kauri hazina namba moja, kwa hivyo ankara isiandike "vyombo" tu kwa jumla.

Jambo la mwisho kuhusu CIF: jihadhari inapokuwa rahisi kupita kiasi, hasa mzigo mdogo wa kuchangia kontena. Wakala wa kule hutoa nauli karibu na bure, kisha mwenzake wa hapa anaifidia kwa ada za kupokelea zenye majina mazuri: ada ya hati, ada ya kutenganisha, ada ya kushughulikia. Wakati huo mzigo uko mikononi mwake na huna pa kukimbilia. Kabla hujakubali CIF, dai orodha ya ada zote za Mombasa kwa maandishi. Asiyekupa, chukua FOB utafute wakala wako mwenyewe.

Kwa mzigo wa kontena, mtaalamu wa mikataba atakwambia hata FOB haifai, utumie FCA, ambapo hatari inahama mzigo ukikabidhiwa msafirishaji. Ana haki: muuzaji hukabidhi kontena kwenye yadi, si melini, na likiharibika katikati ya yadi na meli mtabishana. Lakini wauzaji wengi bado wanasema FOB, na kubishana nao juu ya hilo kwa mzigo wa milioni moja ni kupoteza wakati.

Naagiza mabegi kutoka Yiwu, katoni 40 kwa mpigo. Wananilipisha kwa CBM. Mbona mwenzangu aliyeleta spea za gari analipishwa kwa tani?
*Muuzaji wa mabegi, Kongowea*

CBM ni mita moja ya ujazo. Kwenye mzigo wa kuchangia kontena, ule unaoitwa LCL, hutumiwa sheria ya kipi kikubwa: tani moja inalinganishwa na mita moja ya ujazo, na unalipia inayozidi. Mabegi ni mapana na mepesi, spea ni ndogo na nzito.

Pima katoni mwenyewe kwa nje, na kama imefura ubavuni pima pale ilipofura. Sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni 0.12 CBM. Mara 40 ni 4.8. Kila katoni ikiwa na kilo 15, uzito wote ni kilo 600, yaani tani 0.6. Unalipia 4.8.

Kwa ndege hesabu ni nyingine: zidisha sentimita zote tatu, gawanya kwa 6,000. Katoni yako inatoa kilo 20, ingawa mizani inasema 15, na utalipishwa kilo 800 kwa jumla. Kampuni za kuria nyingi hugawanya kwa 5,000, hapo inakuwa kilo 24 kwa katoni. Kufinya mabegi yaliyotolewa hewa kabla ya kufungwa kunaokoa pesa kuliko kubembeleza bei.

Kontena la futi 20 lina takriban CBM 33 kwenye karatasi, ila kwa katoni za kawaida utaingiza kama 28. Mzigo ukikaribia CBM 13 hadi 15, uliza bei ya kontena zima kabla hujaendelea na LCL. Mara nyingi hapo ndipo bei zinapokutana. Faida si nauli tu. Kwenye LCL una hati ya shehena ya wakala, na wakala ana hati kuu ya kampuni ya meli. Mmoja wa mnaochangia akitangaza uongo, au wakala asipolipa ada zake, kontena zima hukaa na mabegi yako ndani.

Karani wa godauni anatuambia tufuate FIFO, bosi mpya anasema FEFO. Ipi sahihi kwa unga na maziwa ya unga?
*Mfanyakazi wa godauni, Shimanzi*

Bosi. FIFO ni kilichoingia kwanza kitoke kwanza. FEFO ni kinachoharibika kwanza kitoke kwanza, hata kama kimeingia jana. Chakula na dawa ni FEFO, maana msambazaji anaweza kukuletea leo shehena yenye tarehe ya karibu kuliko ya mwezi uliopita. Misumari na vigae, FIFO yatosha. Andika tarehe ya mwisho kwa kalamu nene upande wa paleti unaotazama njia. Ikiwa upande wa ukutani, hakuna atakayeitafuta.

Nina duka la jumla la mabomba na koki. Kila mara ama nimeishiwa ama nimejaza mpaka barazani. Nisikiapo "lead time" na "safety stock" naona ni ya makampuni makubwa. Nitaanzaje?
*Mwenye duka, Changamwe*

Anza kwa daftari. Muda wa kuletewa ni siku zote kuanzia ulipoamua kuagiza mpaka mali ikawa rafuni, si siku za meli peke yake. Ndani yake mna kutuma pesa, kiwanda, ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirisha unaotakiwa na KEBS (shirika la viwango la Kenya), safari, forodha na lori la mwisho. Wengi huandika "siku 25" kwa sababu meli inachukua 25, wakashangaa mali kuja siku ya 50. Anayeleta koki za Italia au Uturuki akumbuke kwamba mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Daftari la miaka ya nyuma halimfai.

Ukiuza wastani wa katoni 12 kwa siku na muda wa kuletewa ni siku 45, utahitaji 540 kukufikisha. Hiyo ni ya mambo yakienda sawa. Tazama siku mbaya: mauzo yaliwahi kufika 16 kwa siku, na mzigo uliwahi kuchukua siku 60. Hiyo ni 960. Tofauti, katoni 420, ndiyo akiba ya tahadhari, na 960 ndicho kiwango cha kuagizia upya. Njia hii ina woga, kwa kuwa inachukulia mabaya yote mawili yatokee pamoja. Ifanyie koki zinazoleta wateja dukani. Kwa mabomba ya saizi zisizotoka, akiba ya nusu yake yatosha, na pengine hayahitaji akiba kabisa.

Kujaza mpaka barazani kunatokana na kosa jingine. Unaangalia rafu, unaona 700, unaagiza, na umesahau 600 zilizo baharini. Kiwango cha kuagizia hulinganishwa na kilicho rafuni, ujumlishe kilichoagizwa hakijafika, utoe kilichokwisha kuahidiwa wateja.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni taniboi. Lori letu la ekseli sita lilipima tani 48 kwenye mizani ya Mariakani, na tunajua kikomo ni 50. Bado tukazuiwa. Kwa nini?
*Msomaji, Miritini*

Marahaba. Mizani haisomi jumla peke yake. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki inatoa tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili za kuvuta na 24 kwa tatu za trela. Ndiyo 50 yenu. Karatasi ya mizani ikisoma 6.4, 15.7 na 25.9, jumla ni 48.0, lakini trela imezidi tani 1.9. Mbele kuna nafasi ya tani 3.9 ambayo haikutumika.

Sababu ya kawaida ni kontena la futi 20 lililowekwa nyuma sana kwenye trela ya futi 40, ili milango iwe karibu na rampu ya kuteremshia. Ya pili ni mzigo uliopangwa mzito upande wa milango. Ya tatu, springi ya upepo iliyovuja au ekseli ya kuinuka iliyosahauliwa juu, hapo uzito wa ekseli tatu unabebwa na mbili. Hii ya mwisho ichunguzeni kabla ya kulaumu mzigo, kwa kuwa hurekebishwa papo hapo.

Na ile VGM iliyoandikwa kwenye hati, inayodaiwa kwa mizigo ya kupakiwa melini tangu tarehe 1 Julai 2016, ni uzito wa kontena na vilivyomo, pamoja na mbao za kukazia. Lori na trela hazimo. Jumlisheni uzito wa lori lenu tupu kabla hamjatoka yadini.

Kontena likiwa limewekwa vibaya, dawa ni kulisogeza mbele kwenye kufuli za trela kwa kreni. Likiwa limepangwa vibaya ndani, ni kulifungua, na hapo kuna mtego: kontena la transiti kwenda Malaba au Busia lina lakiri ya elektroniki ya forodha, na yeyote anayeigusa bila afisa wa forodha kuwapo ameingia kesi nzito kuliko ya mizani. Mpigieni mwenye mzigo, yeye ampigie ajenti, na ajenti aombe afisa. Lori likae pale pale lilipo.